Ukiandikiwa ultrasaundi ya ndani ya tumbo: maelezo kutoka chumba cha endoskopi, Dodoma

Kwenye karatasi ya rufaa huwa zimeandikwa herufi tatu tu: EUS, kifupi cha Kiingereza cha ultrasaundi ya ndani. Mgonjwa anarudi nayo Mpwapwa au Manyoni, watoto wanamuuliza anakwenda kufanywa nini, naye hana jibu. Aliambiwa ni ultrasaundi, na ultrasaundi alishafanyiwa, ile ya kupakwa jeli juu ya tumbo. Kwa nini basi arudie, tena kwa kushinda njaa na kuja na ndugu?

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi hapa Dodoma. Maelezo haya nimeyaandika kwa ajili ya mgonjwa huyo na ndugu anayemsindikiza. Nitafuata mambo yanavyotokea, ila yale ya kabla ya kufika hospitali nitayasema kwa urefu, kwa sababu kipimo hiki mara nyingi kinaharibikia nyumbani, kabla mgonjwa hajapanda kitanda chetu.

Chombo ni mpira mrefu unaopinda, wenye taa na kamera, unaoingia mdomoni na kushuka kwenye umio mpaka tumboni. Mpaka hapo hakina tofauti na endoskopi ya kawaida. Tofauti iko nchani, ambapo pamewekwa kifaa kidogo cha ultrasaundi. Chukueni mfano wa kongosho: limejificha nyuma ya mfuko wa chakula, na kichwa chake kimezungukwa na mwanzo wa utumbo mdogo. Ukipima kwa juu, mawimbi ya sauti yanapaswa kupita ngozi, mafuta, halafu hewa iliyo tumboni, na hewa ndiyo inayoyazuia kabisa. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya korongo siku ya upepo wetu wa Agosti: ukivuka ukasimama mlangoni pake, hata akikohoa utamsikia. Mpira ukishafika tumboni, kati ya kifaa na kongosho unabaki ukuta mwembamba tu. Daktari anaweza kuona uvimbe usiofika sentimita 2, au kijiwe cha milimita chache kwenye mrija wa nyongo, vitu ambavyo picha nyingine zinaweza kuvipita.

Kuna wanaoniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, sisi ndio tunaojaribiwa?" Hapana. Madaktari wa Marekani na Ujerumani walianza kuunganisha endoskopi na ultrasaundi mwaka 1980, na mwaka 1992 Peter Vilmann wa Denmark na wenzake wakaeleza namna ya kuchukua nyama ya kongosho kwa sindano inayopita ndani ya mpira huohuo. Kwa wataalamu ni kazi ya miaka mingi.

Uliza daktari anatafuta nini

Usitoke kwenye chumba cha daktari kabla hujauliza: "Daktari, kwenye kipimo hiki tunatafuta nini hasa?" Halafu mwombe aliandike jibu kwenye rufaa. Zipo rufaa zinazofika zimeandikwa "maumivu ya tumbo" basi. Anayeshika mpira hawezi kujua kama anatafuta jiwe, uvimbe, au makovu ya kongosho lililougua miaka. Kila kimoja kinatazamwa kwa namna yake, na kingine kinahitaji sindano na kingine hakihitaji.

Majibu ya kawaida ni haya. Pengine ultrasaundi ya juu imeonyesha mrija wa nyongo umetanuka na haijulikani umezibwa na nini. Pengine siti skani imeonyesha uvimbe kwenye kongosho, na kabla ya kuamua upasuaji au dawa za saratani, madaktari wanahitaji kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya maabara. Pengine ni kifuko cha maji kwenye kongosho, na wanataka kujua ni cha aina ya kuachwa au ya kufuatiliwa. Pengine endoskopi ya kawaida ilikuta kivimbe kilichofunikwa na ngozi laini ya tumbo, kikaonekana juu tu. Ultrasaundi ya ndani inaonyesha ukuta wa tumbo ukiwa na matabaka 5, na daktari anatambua kivimbe kimeota kwenye tabaka lipi. Na pengine saratani ya umio imeshajulikana, ugonjwa ambao Afrika Mashariki tunao kwa wingi, na swali ni umeingia ndani kiasi gani na kama tezi za jirani zimeguswa.

Watu wanakichanganya kipimo hiki na ERCP, yaani endoskopi ya mirija ya nyongo na ya kongosho, kwa kuwa vyote vinaingia mdomoni. ERCP ni ya tiba zaidi: kutoa jiwe, kuweka mrija wa plastiki au wa chuma ili nyongo ipite. Nayo ina hatari kubwa zaidi ya kulitibua kongosho. Ndiyo maana daktari makini, asipokuwa na uhakika kama jiwe lipo, hutazama kwanza kwa ultrasaundi ya ndani. Jiwe lisipokuwepo, mgonjwa amenusurika na ERCP asiyoihitaji.

Macho ya manjano

Hapa nitakaa, kwa sababu naumia kila ninapoliona. Analetwa mzee, macho ya manjano, mwili umepungua mpaka mkanda umeongezwa matundu. Ukiuliza yameanza lini, unaambiwa ni miezi. Walidhani ni homa ya manjano au ini, akapewa mizizi ya kuchemsha, ikaisha chupa moja ikaja nyingine. Tumbo lilikuwa haliumi, kwa hiyo hakuna aliyeona haraka.

Naomba ndugu zangu mlishike hili. Manjano yanayokuja bila maumivu kwa mtu mzima, mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, choo kikawa cheupe cheupe, ngozi ikawasha usiku kucha hata bila vipele: hiyo ni dalili kwamba nyongo imezuiwa njiani. Kinachozuia kinaweza kuwa jiwe. Kinaweza pia kuwa uvimbe kwenye kichwa cha kongosho. Mtu wa umri huo akiwa amepata kisukari hivi karibuni, bila kunenepa na huku anapungua, liseme hilo kwa daktari siku ya kwanza, kwa sababu kongosho ndilo linalotengeneza insulini. Uvimbe wa kichwa cha kongosho ukigunduliwa ungali mdogo, kuna nafasi ya kuukata. Miezi ya mizizi inaipoteza nafasi hiyo.

Na manjano yakiambatana na homa na kutetemeka, msisubiri tarehe ya kipimo. Hiyo ni nyongo iliyopata maambukizi, inaua haraka. Nendeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo, dawa za kuua bakteria zianze, mambo ya rufaa yatafuata.

Mfuko wa dawa

Siku chache kabla ya kipimo, chukueni mfuko mmoja na mtie kila dawa mgonjwa anayotumia. Kila dawa, na za duka, na za mitishamba, na unga aliopewa na jirani. Mje nao. Msitegemee kukumbuka majina.

Tunachokitafuta kwanza ni dawa za kulainisha damu. Kama sindano itatumika, warfarini kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, na klopidogreli siku 5 hadi 7. Aspirini ndogo mara nyingi huendelea. Lakini asiyesimamishwa na daktari wake asisimamishe mwenyewe, hata kama amesoma hapa. Mwenye vali ya bandia kwenye moyo au aliyezibuliwa mshipa wa moyo akiacha dawa kiholela anaweza kupata kiharusi wakati anajiandaa kwa kipimo cha tumbo. Daktari wa moyo na daktari wa endoskopi wazungumze, ninyi mwe wajumbe wa kuhakikisha wamezungumza.

Mgonjwa wa manjano ya kuzibwa ana jambo lake la ziada. Nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haunyonyi vizuri vitamini K, na damu inachelewa kuganda. Msishangae akipimwa damu upya au kuchomwa vitamini K kabla. Tunataka kujua damu inagandaje na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, ziko ngapi kabla sindano haijamgusa.

Dawa ya presha inamezwa asubuhi ya kipimo kwa funda dogo la maji. Dawa za kisukari ni kinyume: ukimeza au kujichoma insulini kamili ukiwa na njaa, sukari itashuka ukiwa kwenye benchi. Ombeni maelekezo ya dozi ya asubuhi hiyo, na mwenye kisukari aombe awe wa kwanza kwenye orodha.

Halafu kuna mambo mawili ambayo watu hawayasemi mbele ya watoto wao. La kwanza ni pombe. Mzee ameketi na binti yake mlokole, nikimuuliza kama anakunywa anasema hapana. Baadaye binti akienda kulipa, ananiita: "Mwanangu, nilikunywa, miaka mingi." Asante baba. Pombe ya muda mrefu ni moja ya sababu kubwa za kongosho kuharibika, na makovu yake kwenye picha yanaweza kufanana na uvimbe. Tena mnywaji huenda akahitaji dawa za usingizi kwa kiasi tofauti. La pili ni dawa za kufubaza virusi. Baadhi yake, hasa zenye ritonavia, hufanya midazolamu, dawa ya usingizi tunayoitumia sana, ikae mwilini muda mrefu na kumlaza mgonjwa kupita kiasi. Hatuulizi ili tukuhukumu. Ukitaka kusema faragha, niambie, "Sista, nina neno," nami nitamtoa ndugu yako nje kwa heshima.

Semeni pia meno ya bandia au yanayocheza, mzio wa dawa, ujauzito, pumu, kukoroma kwa nguvu, na kama kuna aliyewahi kusumbuliwa na nusu kaputi.

Njaa, na uji ambao watu hawauhesabu

Chakula kinakoma angalau saa 6 kabla, na hospitali nyingi zitakuambia 8. Ukipimwa saa 2 asubuhi, mlo wa mwisho ni wa jioni iliyotangulia, na uwe mwepesi. Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Fuateni mlichoambiwa na kituo chenu.

Shida ni uji. Kwetu mtu akinywa uji wa uwele alfajiri hasemi amekula, anasema amepoza njaa. Uji ni chakula. Maziwa, ya mgando au ya kuchemsha, ni chakula. Chai ya maziwa, togwa, juisi ya ubuyu, vyote ni chakula, kwa sababu vinakaa tumboni. Amekuja mama kutoka Bahi, ametoka nyumbani usiku, mkwewe amempa kikombe cha uji kwa huruma ya safari. Tulimrudisha akalale kwa ndugu. Sio ukali. Mtu aliyelazwa kwa dawa akitapika, kilichotoka tumboni kinaweza kuingia kwenye mapafu. Isitoshe, chakula na mapovu yake vinafunika picha, na daktari haoni kitu.

Kwa hiyo ndugu wa nyumbani waambiwe, hasa anayeamka kwanza kupika. Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani, mjulishe muuguzi wakati wa kupewa tarehe: daku ya karibu na alfajiri huwa imechelewa sana kwa kipimo cha asubuhi, na siku hiyo utawekewa dawa na maji kwa mshipa. Zungumzeni na shehe wenu mapema, au muombe tarehe nyingine kama hali inaruhusu.

Anayetoka mbali, Kondoa au Singida, afike Dodoma siku moja kabla. Basi la alfajiri likiharibika njiani, nafasi imepotea na njaa umeshinda bure. Mkielekezwa Muhimbili, treni ya SGR imerahisisha mambo, lakini nako fikeni jana yake.

Njooni na picha zote za zamani, filamu pamoja na CD ya siti skani, sio ripoti peke yake. Daktari anataka kuiangalia picha kwa macho yake kabla hajaingiza mpira. Kuhusu malipo, wenye bima waulize mapema kama kipimo kinahitaji kibali, na kama sindano na maabara vimo ndani yake au vinalipiwa kando. Asiye na uwezo aende ofisi ya Ustawi wa Jamii ya hospitali kabla ya tarehe, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Kwenye chumba

Utasaini fomu ya ridhaa. Isome, au usomewe, na uulize: sindano itakuwepo? Utavua meno ya bandia. Utawekewa kanula mkononi, kidude cha kupima oksijeni kidoleni, na hewa ya oksijeni puani. Koo litapuliziwa ganzi, ni chungu na inafanya ulimi uwe mzito. Watu hudhani wameshindwa kumeza, wanashtuka. Ni ganzi tu. Utalala ubavu wa kushoto na kung'ata kidude chenye tundu kinachokinga meno na mpira. Kisha dawa ya usingizi.

Mpira unapita njia ya chakula, njia ya hewa inabaki wazi. Pumua taratibu kwa pua, na mate yaache yatiririke, sisi tupo na mashine ya kuyavuta. Wengi hawakumbuki chochote zaidi ya hapo. Kutazama tu huchukua kama nusu saa au pungufu. Sindano ikitumika, hadi saa nzima. Sindano ni nyembamba, inatoka ndani ya mpira na kuvuka ukuta wa tumbo kuingia kwenye uvimbe huku daktari akiiona kwenye skrini, akiikwepa mishipa ya damu. Huisikii.

Hatari zipo na ni haki yako kuzijua. Kutoboka kwa utumbo au umio hutokea kwa chini ya mtu 1 kati ya 1,000. Kongosho likichomwa sindano, kama mtu 1 au 2 kati ya 100 kongosho lake huvimba na kuuma, na wengi wao hupona kwa kulazwa na maji ya mshipa. Kuna kutokwa damu, na kuna maambukizi, hasa kifuko cha maji kikichomwa, ndiyo maana wengine hupewa dawa ya kuua bakteria.

Baada ya hapo

Utapumzika kwetu saa moja au mbili. Usile wala kunywa mpaka muuguzi ahakikishe ganzi ya koo imeisha. Anza na maji, kisha uji mwepesi, na jioni ugali laini na mlenda vinatosha kabisa. Koo kuuma kidogo kwa siku moja au mbili ni kawaida, na kubeua hewa pia.

Dawa ya usingizi inabaki mwilini hata ukijiona mzima. Kwa saa 24 usiendeshe gari wala pikipiki, usitumie mashine ya kusaga, usitie sahihi kwenye mauzo ya shamba. Na usipande bodaboda hata kama abiria: mikono haina nguvu ya kushika. Chukueni bajaji au gari, ndugu akae pembeni yako. Aliyechomwa sindano alale mjini usiku huo kama kwao ni mbali na hospitali.

Ndugu, wewe ndiye wa kukesha na macho wazi. Mrudishe hospitali bila kungoja asubuhi akipata maumivu makali ya tumbo yanayoelekea mgongoni, maumivu ya kifua, homa au kutetemeka, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kupumua kwa shida, au shingo kuvimba na kutoa sauti ya kuchakacha ukiigusa. Dawa za maumivu za dukani zisitumike kuficha haya.

Majibu

Kilichoonekana kwenye picha mnaweza kuambiwa siku hiyohiyo. Mwambieni daktari aongee ndugu akiwepo, kwa sababu mgonjwa bado ana usingizi, atasahau. Nyama iliyochukuliwa inakwenda maabara, na jibu huchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki.

Jibu likija "hakuna seli za saratani", furahini kwa kiasi na muulize swali la pili: je, picha nayo inakubaliana? Kwenye saratani ya kongosho, sindano huipata kwa takribani wagonjwa 85 hadi 90 kati ya 100 wenye ugonjwa huo. Wanaobaki sindano imewapita, imechukua makovu au damu. Kama daktari aliona uvimbe wa kutia shaka, jibu safi la maabara halifungi faili. Kipimo kinaweza kurudiwa. Msimkasirikie akiwaambia hivyo.

Ombeni nakala ya ripoti ya kipimo na ya maabara, mzitunze pamoja na ile CD. Na wakati wa kujiandikisha toeni namba mbili za simu, moja ya mgonjwa na nyingine ya mtu mwenye simu inayopatikana. Kuna majibu ambayo tumeyapigia simu wiki nzima, namba moja haipatikani, na mgonjwa yuko kijijini akiamini kimya chetu maana yake hana kitu.